Mwale wa atomi, mawimbi au transfoma: kipi kisukume mkondo wa tokamaki yako?

Kila muhula swali linanifikia lile lile. Mwanafunzi amepewa zoezi la kuchora kwenye kompyuta tokamaki, yaani mashine ya duara inayoshika gesi ya moto sana kwa sumaku ili nyuklia ziungane. Amekwisha kupanga ukubwa wa chombo, nguvu ya sumaku na msongamano wa plazma, yaani gesi hiyo yenye chaji (utegili, kwa wanaopenda neno la kamusi), kisha anafika kwenye safu ya kusukuma mkondo na kalamu inamgandia mkononi. "Mwalimu, niweke mwale wa atomi au mawimbi?" Mara nyingi anataka jina moja tu ili akalale. Simpi. Namuuliza: mkondo huo unautaka sehemu gani ya plazma, na uendelee kwa muda gani? Akijibu hayo mawili, nusu ya uamuzi inakuwa imeshafanyika.

Kwa anayeanza: tokamaki haiwezi kufanya kazi bila mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazma yenyewe. Koili kubwa zinazokizunguka chombo hutengeneza uga sumaku wa duara, lakini duara tupu halishiki kitu. Chembe huteleza hadi ukutani. Mkondo ndio unaosokota mistari ya uga kama mtu anavyosokota kamba ya usumba, na msokoto huo ndio unaoizuia plazma isimwagike. Katika ITER, inayojengwa kusini mwa Ufaransa, mkondo uliopangwa ni ampea milioni 15. Radi ya kawaida hubeba ampea makumi ya maelfu, tena kwa kufumba na kufumbua. Hapa unatakiwa uushike mkondo huo kwa dakika, saa, na siku moja pengine kwa miezi.

Vigezo kwanza

Nitapima vitu vinne: transfoma ya katikati, mwale wa atomi zisizo na chaji, mawimbi ya haibridi ya chini, na mawimbi ya saiklotroni ya elektroni. Maswali ni yale yale kwa kila kimoja. Kinasukumaje? Mkondo wake unakaa wapi? Kinatoa ampea ngapi kwa kila wati? Kinaweza kudumu muda gani? Na kinakuja na nini kingine, cha heri au cha shari? Fedha nimeiacha kando, maana bei ya mradi mmoja haikufundishi sana kuhusu mwingine. Mawimbi ya saiklotroni ya ioni nayo nimeyaacha: ni hodari wa kupasha joto, ila mchango wake kwenye mkondo ni mdogo.

Kuna wa tano ambaye hanunuliwi: mkondo unaojizaa. Plazma ikiwa na shinikizo kubwa katikati na dogo pembezoni, tofauti hiyo, ikichangiwa na umbo la duara, huzaa mkondo bila msukumo wowote wa nje. Nadharia yake iliandikwa mwaka 1971 na Bickerton, Connor na Taylor, na mkondo wenyewe ukaonekana waziwazi kwenye tokamaki ya TFTR, kule Princeton, mwishoni mwa miaka ya 1980. Hutaukuta kwenye orodha ya kuchagua, lakini kila utakachochagua kitaukuza au kuudumaza. Kaa nao akilini.

Kila kimoja kinasukumaje

Transfoma ni ile ile unayoijua kwenye nguzo ya umeme mtaani. Koili ndefu iliyosimama katikati ya duara ndiyo upande wa kwanza. Plazma, ikiwa ni mzunguko mmoja wa gesi ya moto, ndiyo upande wa pili. Mkondo wa koili ukibadilika, volti inazuka kwenye plazma na kuvuta elektroni. Sharti lake ni moja tu, nalo ndilo linaloibana: mkondo wa koili lazima uendelee kubadilika kuelekea upande mmoja. Ukifika kikomo cha koili, umefika.

Mwale wa atomi unahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndani yake mna kitendawili.

Kazi yake inaanzia nje ya mashine. Unatengeneza ioni (atomi zenye chaji) za deuteri, yaani hidrojeni nzito, unazivuta kwa volti kubwa hadi zishike kasi, kisha unazipitisha kwenye chumba chenye gesi nyepesi ili zigeuke kuwa atomi zisizo na chaji. Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu ioni ingepindwa na uga sumaku kabla haijaingia mlangoni. Atomi isiyo na chaji haina habari na sumaku. Inapita moja kwa moja kama mtu asiyedaiwa anavyopita mbele ya duka. Ikifika ndani, plazma inaipokonya elektroni, inakuwa ioni, na sasa imenaswa ikiwa bado na kasi yake yote. Kama mwale ulilengwa ufuate mzunguko wa chombo, ioni hizo zinazunguka upande mmoja. Chaji zinazozunguka upande mmoja ndio mkondo wenyewe.

Sasa kitendawili. Ioni hizo za kasi zinagongana na elektroni na kuziburuta zifuate upande ule ule. Elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo elektroni zinazofuata mkumbo zinatengeneza mkondo wa kinyume, unaoula ule wa ioni. Plazma ikiwa safi kabisa, deuteri tupu, na kila elektroni ikiwa huru kuzunguka, hesabu inaonyesha mikondo hiyo miwili inafutana yote: umelipia megawati, umepata joto, mkondo sifuri. Kinachookoa ni mambo mawili. La kwanza ni uchafu kidogo wenye chaji kubwa, mfano kaboni, ambao huzizuia elektroni zisiburutwe sana. La pili, lenye uzito zaidi kwenye mashine safi, ni kwamba sehemu ya elektroni hunaswa upande wa nje wa duara, ambako uga ni dhaifu. Hizo huenda na kurudi bila kumaliza mzunguko, na hata zikiburutwa haziwezi kubeba mkondo wa kinyume. Tihiro Ohkawa alipendekeza njia hii mwaka 1970. Miaka kumi baadaye tokamaki ya DITE, kule Culham nchini Uingereza, ikaonyesha kwamba inafanya kazi.

Pembe ya kulenga ndiyo roho ya jambo hili. Nilipoanza kutumia programu za kukokotoa miale, niliweka mwale wa megawati 20 na kuacha sifuri kwenye nafasi inayosema mwale upite umbali gani kutoka nguzo ya katikati. Maana yake niliulenga nguzo yenyewe, kifua kwa kifua. Halijoto ilipanda vizuri sana, mkondo haukusogea. Nilishinda siku mbili nikiilaumu fomula ya Ohkawa, na fomula haikuwa na kosa lolote.

Mawimbi ya haibridi ya chini yanafanya kazi iliyo rahisi kuiona akilini. Ni mawimbi ya gigahezi chache yanayosafiri kufuata mstari wa uga kwa kasi ndogo kuliko ya mwanga. Elektroni yenye kasi iliyo karibu na ya wimbi hupandwa nalo na kubebwa, kama mtumbwi unaoingia ufukweni juu ya mgongo wa wimbi. Nathaniel Fisch wa Princeton aliiweka nadharia hii wazi mwaka 1978.

Mawimbi ya saiklotroni ya elektroni hayasukumi kwa mbele hata kidogo. Huzipiga elektroni kwa ubavu, kwa masafa yanayolingana na mwendo wao wa kuuzunguka mstari wa uga. Elektroni iliyoongezewa nishati hugongana mara chache zaidi. Basi ukichagua kuzipiga zile zinazokwenda kulia tu, hizo zitachelewa kupunguzwa kasi kuliko zinazokwenda kushoto, na mkondo unajitokeza kutokana na upendeleo huo. Ni njia ya mzunguko, na ufanisi wake utakuonyesha hivyo.

Mkondo unakaa wapi

Kwa transfoma huna hiari. Mkondo unafuata mahali plazma inapopitisha umeme vizuri, yaani penye joto kali, yaani katikati. Kwa mashine nyingi hilo linatosha. Ila anayetaka mkondo mpana wenye shimo katikati, kama inavyotakiwa kwenye mipango mingi ya kuendesha mashine bila kukoma, atapigana na transfoma tangu mwanzo.

Mwale unakupa hiari ya kadiri. Kina chake kinategemea nishati ya atomi. Mwale wa elektronivolti 80,000 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe), kama ule wa tokamaki ya DIII-D kule San Diego, unafika katikati ya mashine ya ukubwa wake bila shida. Ukiupeleka kwenye plazma ya ITER utaishia pembezoni. Ndiyo maana ITER imepangiwa elektronivolti milioni 1, na atomi ya deuteri yenye nishati hiyo huenda karibu kilometa 10,000 kwa sekunde. Mwelekeo nao unasaidia: DIII-D iliinamisha mstari wake mmoja wa miale, na tangu 2011 ikaweza kuweka mkondo nje ya kitovu. Lakini usitegemee ncha ya sindano. Mwale ni mpana, na ioni zake huzunguka kwenye njia pana vilevile.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya mwanzo hulipita haraka. Ioni za mwale zikiwa na kasi inayokaribia ile ya mawimbi ya Alfvén, yaani mitetemo inayosafiri kwenye mistari ya uga, zinaweza kuipiga mistari ya uga ikatetemeka kama uzi wa zeze. Mtetemo ule unazitawanya ioni zilizouleta. DIII-D na mashine nyingine zimeona mkondo wa mwale ukikaa mahali pasipotabiriwa, na ukiwa mdogo kuliko hesabu, kwa sababu hiyo hiyo. Programu yako ikichukulia kwamba ioni zinapungua kasi kwa utulivu, inakupa jibu zuri kupita hali halisi.

Mawimbi ya haibridi ya chini, plazma ikiwa ya moto na nzito, humezwa kabla hayajafika ndani. Mkondo wake kwenye mashine kubwa hukaa nusu ya nje. Wapo wanaoutaka hapo hapo. Mbaya zaidi ni msongamano: kwenye Alcator C-Mod, kule Massachusetts, dalili za mkondo huo zilififia sana msongamano ulipokaribia chembe 10²⁰ kwa mita ya ujazo, mapema kuliko nadharia rahisi ilivyosema.

Saiklotroni ya elektroni ndiyo yenye ncha ya sindano. Wimbi humezwa pale tu ambapo uga unalingana na masafa yake, na unaligeuza kwa kioo cha metali. Plazma inapoota visiwa vya sumaku, yaani sehemu ambazo mistari ya uga imejikata na kujifunga upya, njia hii inaweza kuweka mkondo ndani ya kisiwa chenyewe na kukizima. ASDEX Upgrade kule Garching na DIII-D wamefanya hivyo mara nyingi. Kwa mwale wa atomi, kazi hiyo ni sawa na kutia uzi kwenye sindano ukiwa umevaa glavu.

Ampea ngapi kwa kila wati

Hapa ndipo wengi huanzia, na ndiyo sababu wanakwama. Kipimo kinachotumika si ampea kwa wati peke yake, kwa kuwa plazma nzito na kubwa ni ngumu kusukuma kuliko nyepesi na ndogo. Unachukua mkondo, unazidisha kwa msongamano na kwa nusu kipenyo kikubwa cha duara (kutoka katikati ya mashine hadi katikati ya plazma), kisha unagawa kwa nguvu uliyoingiza.

Kwa bahati ipo mashine moja iliyojaribu njia zote tatu zisizo za transfoma: JT-60U, iliyofanya kazi Naka, Japani, hadi 2008. Mawimbi ya haibridi ya chini yalisukuma ampea milioni 3.6 mwaka 1994, ufanisi wake kwa hesabu hiyo ukiwa takribani 3.5 mara 10¹⁹ (nitaiacha hiyo 10¹⁹ kwenye namba zinazofuata). Mwale wa atomi ulifika karibu ampea milioni 1, na ufanisi wa juu wa takribani 1.55. Saiklotroni ya elektroni ilipata takribani 0.42. Ukisoma namba hizo juu juu, utayachukua mawimbi ya haibridi na kwenda zako. Subiri. Kila moja ilipimwa katika plazma yake yenye hali yake. Ufanisi wa mwale na wa saiklotroni hupanda joto la elektroni linapopanda, na vinu vijavyo vitakuwa vya moto zaidi; ule wa haibridi haufaidi sana mahali ambapo wimbi halifiki.

Ukitaka kuona ukubwa wa kazi, piga hesabu ya haraka. ITER ina miale miwili ya megawati 16.5, jumla 33. Nusu kipenyo ni mita 6.2. Chukua msongamano wa 10²⁰, na tuseme ufanisi ni 3 kwa kipimo kile kile, mara mbili ya ule wa JT-60U kwa ajili ya joto. Jibu ni kama ampea milioni 1.6. Mpango wa kuiendesha ITER bila transfoma unahitaji milioni tisa au kumi. Mwale peke yake haufiki hata robo. Kinachofunga pengo ni mkondo unaojizaa, na hapa mwale unapata alama ambazo kipimo hakizionyeshi: joto na shinikizo unaloleta katikati huukuza mkondo huo. Nikisahihisha mazoezi, hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi, mtu kuhesabu mkondo wa mwale na kusahau alichokifanya mwale kwenye shinikizo.

Tazama pia umeme unaotoka ukutani. Chanzo cha ITER kinapaswa kuongeza kasi ya ioni hasi zenye mkondo wa ampea 40 kwa volti milioni 1: hiyo ni megawati 40. Ni hasi kwa sababu ya kimaumbile. Ioni chanya yenye nishati hiyo karibu haikubali kabisa kugeuzwa kuwa atomi, ilhali ioni hasi ina elektroni moja ya ziada iliyoshikiliwa kilegelege, na gesi huipangusa kwa urahisi. Hata hivyo ni takribani asilimia 60 tu zinazogeuka. Ondoa zinazopotea njiani, na megawati 16.5 zinaingia kwenye plazma. Kwa upande wa saiklotroni, jirotroni (mtambo unaozalisha mawimbi hayo) nzuri ya siku hizi hugeuza takribani nusu ya umeme wake kuwa wimbi. Transfoma haina mshindani hapa. Maadamu ina nafasi ya kusogea, ampea zake ni za bei rahisi kuliko zote.

Muda

Transfoma hupimwa kwa kikomo chake. SPARC, inayojengwa Massachusetts, imepangiwa sekunde 10 za kilele, na hizo zinaitosha kwa lengo lake. Mpango wa Ulaya wa kinu cha DEMO unafikiria mapigo ya kama saa mbili, kisha mapumziko, kisha tena.

Rekodi ndefu ni za mawimbi. TRIAM-1M ya Chuo Kikuu cha Kyushu ilishika plazma kwa zaidi ya saa tano mwaka 2003 kwa haibridi ya chini, ingawa mkondo ulikuwa mdogo. Tore Supra, Ufaransa, ilifika dakika sita na nusu mwaka huo huo. Mrithi wake WEST, tarehe 12 Februari 2025, ilikwenda sekunde 1,337 kwa megawati 2 za mawimbi hayo hayo. Saiklotroni nayo ina lake: TCV ya Lausanne, mwaka 2000, ilishikilia mkondo wote kwa mawimbi hayo pekee, transfoma ikiwa imetulia.

Miale mara nyingi imekuwa ikihesabiwa kwa sekunde na makumi ya sekunde. ITER inataka saa nzima. Ndiyo sababu kuna kituo kizima cha majaribio Padova, Italia, kwa ajili ya kazi hii: SPIDER, iliyoanza 2018, inachunguza chanzo cha ioni, na MITICA imekusudiwa kujaribu mwale mzima wa volti milioni 1. Kushikilia volti hizo kwenye ombwe bila cheche, huku mvuke wa metali ya caesi (cesium) ukipakwa ndani ya chanzo ili ioni hasi zizaliwe kwa wingi, si kazi ya kumalizwa kwa karatasi.

Mizigo na zawadi

Mwale ndio unaokuja na vingi vya aina zote mbili.

Shari zake. Atomi huenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo unahitaji tundu kubwa lililonyooka kutoka nje hadi kwenye plazma, na palipopita atomi kuingia, nyutroni zitapita kutoka. Kwenye kinu cha kuzalisha umeme, tundu hilo pia linakula eneo la ukuta ambalo lingetumika kutengenezea tritiamu, fueli ya kinu. Tena plazma ikiwa nyepesi mno, sehemu ya mwale hupita upande wa pili bila kusimamishwa na kuuchoma ukuta ulio mkabala. Huwezi kuufungua mpaka msongamano ufike kiwango. Anayepanga kuutumia kuanzishia mkondo hugonga mwamba hapo.

Heri zake. Mwale huizungusha plazma, na plazma inayozunguka hustahimili misukosuko mingi ambayo iliyosimama haistahimili. Lakini kumbuka kwamba kwa megawati ile ile, atomi za kasi zaidi huleta msukumo mdogo wa kuzungusha: mwale wa elektronivolti milioni 1 hutoa kama theluthi moja tu ya ule wa elektronivolti 100,000. Aliyezoea mashine za sasa asitegemee mzunguko wa aina hiyo kwenye ITER.

Heri nyingine haizungumzwi sana nje ya chumba cha vipimo. Mwale ni macho. Mwanga unaotoka atomi zake zinapogongana na ioni za plazma hutueleza joto la ioni na kasi ya mzunguko, na namna mwanga huo unavyogawanyika hutuonyesha msokoto wa uga ndani kabisa. Ukiiondoa miale kwenye mashine ya utafiti, umejifunga kitambaa usoni. Nimeona michoro ya wanafunzi iliyofuta miale ili kuokoa nafasi, kisha kurasa mbili mbele ikadai kupima joto la ioni kwa mwale ule ule uliofutwa.

Haibridi ya chini ina mzigo mmoja mkubwa: antena lazima isogee karibu sana na plazma, kwa sababu wimbi haliwezi kusafiri kwenye nafasi tupu. Joto na mmomonyoko vinaila. Saiklotroni ndiyo yenye adabu kuliko zote kwa ukuta: wimbi linapita kwenye bomba jembamba lililopindwa, linavuka dirisha la almasi, na kioo chake kinakaa mbali na moto. Lakini halizungushi plazma kwa kiasi cha maana, na likikuta plazma nzito kupita kiasi kwa masafa yake linarudishwa kama mwangwi. Mzigo wa transfoma ni nafasi ya katikati inayoichukua, pamoja na uchovu wa metali kila pigo linapoanza na kuisha. Koili ya ITER peke yake ina urefu wa mita 13 na uzito wa tani 1,000.

Nani achukue nini

Kama mashine yako ni ya mapigo mafupi na lengo ni kuonyesha nishati ya muungano wa nyuklia tu, kaa na transfoma na upashe joto kwa njia yoyote iliyo karibu. Hutakosa kitu. SPARC imekwenda hivyo: haina miale wala mawimbi ya kusukuma mkondo.

Kama ni tokamaki ya duara nene, ile inayofanana na tufaha lililotobolewa, nafasi ya katikati ni finyu, transfoma ni dhaifu, na uga mdogo huifanya plazma iyarudishe mawimbi ya kawaida ya saiklotroni. Hapo mwale hauna mpinzani wa karibu. NSTX-U ya Princeton na MAST-U ya Culham zote zinautegemea. Lakini ukihama kutoka utafiti kwenda kwenye kinu cha umeme cha umbo lile lile, hesabu ya matundu na nyutroni inageuza mambo: waandaaji wa STEP, mradi wa kinu cha aina hiyo Uingereza, wameelekea kwenye mawimbi, pamoja na aina moja isiyo ya kawaida ambayo hupenya plazma nzito.

Kama unataka pigo refu sana kwenye plazma nyepesi, kwa ajili ya kujaribu ukuta kwa dakika nyingi, chukua haibridi ya chini na ujenge antena inayovumilia. Ukipandisha msongamano baadaye, jiandae kuachana nayo.

Kama tatizo lako ni visiwa vya sumaku, au mkondo wa nyongeza mahali pamoja mahususi, ni saiklotroni. Usione haya na ufanisi wake mdogo, maana hapo hununui ampea nyingi, unanunua mahali. ITER yenyewe, kwenye mpango mpya wa 2024, imeongeza sana nguvu ya saiklotroni huku ikibaki na miale yake miwili.

Kama ni mashine kubwa ya utafiti inayotaka mzunguko, joto la katikati, macho ya kupimia na mkondo wa kati kwa pamoja, mwale unastahili nafasi yake hata ukishindwa kwenye ampea kwa wati. JT-60SA ya Naka, iliyopata plazma yake ya kwanza Oktoba 2023, imepangiwa miale ya aina mbili, ya elektronivolti 85,000 na ya 500,000, pamoja na saiklotroni. Kwa zoezi la mwanafunzi mwenye muda wa wiki mbili, huo ndio mchanganyiko ninaoweza kuutetea mbele ya wasahihishaji: transfoma ya kuanzishia, mwale wa katikati, saiklotroni ya kurekebishia.

Na kama umefika hapa ukaona kusukuma mkondo ni taabu tupu, iko Wendelstein 7-X kule Greifswald, Ujerumani, ambayo koili zake zimepindwa kwa namna ya kusokota uga zenyewe, bila kuhitaji mkondo wa plazma. Ila hapo hutakuwa ukichora tokamaki tena, na msimamizi wako atakuuliza.